Kati ya Joho na Barua ya Ajira

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika vyuo vyetu vingi hufanya mtihani wake wa mwisho Julai. Bumu la mwisho, ile posho ya mkopo, limeshaliwa, godoro limefungwa kamba, na hosteli wanataka chumba chao. Joho atakuja kulivaa Novemba au Desemba. Cheti nacho hakimsubiri mlangoni. Kwanza azunguke na fomu ya kutodaiwa, maktaba hadi kwa mshauri wa wanafunzi, kwa mshauri hadi uhasibu, na mwenye muhuri kasafiri. Miezi yote hiyo mtu huyu si mwanafunzi tena na bado hajawa mhitimu. Tangazo la kazi linalomfaa likitoka Septemba atalisoma na kulipita, kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanaeleza wazi kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo hazitakubaliwa. Wanataka cheti kamili, na nakala yake iwe imegongwa muhuri wa wakili.

Nyumbani hawayajui hayo. Wanachojua ni kwamba kamaliza. Shangazi aliyechangia nauli ya kwenda kuripoti chuo miaka mitatu iliyopita anaanza kuhesabu, na wadogo zake ambao ada zao zilisogezwa mbele ili yeye asome wanaanza kuhesabu pia. Swali analoulizwa ni fupi mno: “Umepata?” Hakuna anayetaja kapata nini, na hakuna haja.

Ninachokisema katika sura hii ni kimoja. Muda ulio kati ya joho na barua ya ajira, ambao zamani ulikuwa wiki chache, sasa ni kipindi kizima cha maisha, na kipindi hicho hakina mwenyewe. Chuo kimeshamfuta kwenye daftari lake. Mwajiri hamjui. Mzazi anadhani ni ajali ndogo itakayopita. Na kwa kuwa hakina mwenyewe, wamekivamia wengine: wanaotaka kazi bila kulipa, wanaokopesha kwa riba ya kunyonga, na wanaouza ajira ambazo hazipo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, meza za ofisi zilikuwa zikiwangoja. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano ulioanza 1964 uliweka lengo kwamba kufikia 1980 nchi iwe imejitosheleza kwa wataalamu wa ngazi za juu. Kwa hesabu hiyo kila aliyeingia chuo hicho alikuwa na kiti chake kabla hajaandika mtihani wa kwanza. Hata ugomvi mkubwa wa wasomi na serikali wa wakati ule ulihusu kiasi cha kukatwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wahitimu, yakiwemo ya kukatwa sehemu ya mishahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, na papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mhitimu wa leo akisimuliwa kisa hiki hushangaa jambo moja tu: kumbe walikuwa na uhakika wa mshahara wa kukatwa!

Miaka minane baadaye Azimio la Musoma likaugeuza mpangilio wenyewe. Kuanzia mwisho wa 1974 mtu alitakiwa afanye kazi kwanza, walau miaka miwili, ndipo aombe kuingia chuo kikuu, tena akiwa na maoni ya mwajiri wake na ya chama. Utaratibu huo ulikuwa na dosari zake. Si kila kiongozi wa chama wa tawi alistahili kupewa kalamu ya kuamua nani asome. Lakini kijana wa miaka ile aliingia darasani akiwa ameshawahi kusaini daftari la mahudhurio, kugombezwa na mkubwa wa kazi na kupokea bahasha ya mshahara. Walipohitimu, wengi wao walirudi mahali wanapopafahamu. Kwao, kutoka chuoni kwenda kazini ilikuwa kurejea.

Kilichofuata kinafahamika. Mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, mashirika ya umma kuuzwa na wafanyakazi kupunguzwa katika miaka ya 1990, JKT ya lazima kusimamishwa 1994 hadi iliporudishwa 2013. Wakati huohuo milango ya elimu ikafunguka: vyuo vikuu binafsi vikaanza, Bodi ya Mikopo ikaingia kazini 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikazaliwa 2007. Mtoto wa mkulima wa Kibondo au Newala akapata nafasi ambayo baba yake hakuiota. Hili ni jema, na sitaki kusikia wanaosema wasomi wamezidi. Ila mlango wa kuingilia ulipanuliwa na wa kutokea ukabaki uleule. Walimu ndio waliochelewa zaidi kuionja hali hiyo. Hadi katikati ya miaka ya 2010, aliyesoma ualimu alisubiri majina yatoke, akalitafuta lake kwenye orodha, akafunga safari. Juni 2016 ajira za serikali zikasimamishwa ili kuwasaka watumishi hewa. Mwaka uliofuata uhakiki ukafichua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Ajira ziliporudi, hazikurudi kwa ukarimu wa zamani, na mwanzoni mwa 2025 walimu nao walikuwa wakikaa kwenye vyumba vya usaili, wakishindana kwa mtihani na watu waliomaliza chuo miaka mingi tofauti.

Zipo taaluma ambazo hazikuuacha muda huu ukae bila mwenyewe, na inafaa tuziangalie. Daktari akimaliza miaka yake mitano anaingia utarajali wa mwaka mmoja hospitalini, chini ya usimamizi, akipokea posho, na mwaka ukiisha umeisha, anasajiliwa. Wahandisi wana mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza 2003, ambamo mhitimu hufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu huku akijaza kumbukumbu ya alichojifunza. Wanasheria wana Shule ya Sheria kwa Vitendo. Hawa wa mwisho wanatufundisha pia upande wa pili: Oktoba 2022 nchi ilipigwa na butwaa iliposikia kwamba kati ya wanafunzi 633 wa shule hiyo waliofaulu moja kwa moja ni 26. Mpito uliopewa mwenyewe unaweza pia kugeuzwa ukuta. Hata hivyo mwanasheria aliyekwama anajua amekwamia wapi na afanye nini mwakani. Aliyesoma sosholojia, utawala wa biashara, jiografia au Kiswahili hajui hata foleni yake iko wapi.

Huyo ndiye anayevamiwa.

Wavamizi wengine hawahitaji maelezo marefu. Kuna ofisi za ghorofani mjini zinazokuita kwenye usaili kwa ujumbe wa simu, ukifika mko themanini, mnapigishwa makofi na kijana mwenye tai, na mwisho wa siku unaelezwa kwamba kazi ipo ila kwanza ununue bidhaa. Kuna anayeomba “ya maji” ili jina lako lipite. Kanuni ni nyepesi: mwajiri wa kweli hatozi. Kuna mikopo ya kausha damu, ile ya kwenye simu na ile ya mtaani, ambayo humkuta kijana akihitaji nauli ya kwenda Dodoma kwenye usaili na kumwacha akikimbia namba ngeni. Na kuna shahada ya pili inayosomwa kama mahali pa kujificha, ili swali la shangazi lipate jibu: “Bado nasoma.” Hii ya mwisho inaheshimika, kwa hiyo hatuiiti jina lake, lakini mtu aliyelipa mamilioni ili aahirishe swali miaka miwili ametumia fedha nyingi kwa jibu fupi.

Mvamizi mkubwa ni kujitolea.

Neno lenyewe ni zuri, na ndiyo maana limedumu. Mhitimu wa ualimu anakwenda shule ya sekondari ya kata yenye mwalimu mmoja wa Fizikia au asiwe na hata mmoja. Mkuu wa shule anafurahi, wazazi wanachangishana, kijana anapewa nauli na pengine chakula cha mchana. Anapewa vipindi, baadaye zamu, mwishoni ualimu wa darasa. Mwaka unapita. Kwenye benki yupo msichana anayepokea wateja, amevaa sare sawa na wenzake, na tofauti yao huonekana tarehe 25 ya mwezi. Zahanati, halmashauri na vituo vya redio navyo vina watu wa namna hiyo. Ukiwauliza wamekaa muda gani, utasikia mwaka, miwili, hata mitano. Wakiulizwa wanabaki kwa nini, jibu ni moja: nikiondoka leo na nafasi ikatoka kesho je?

Sisemi kujitolea ni upumbavu. Miezi michache ya kwanza ina faida za kweli. Unajifunza kuandika dokezo, kujua faili linapita kwa nani kabla ya nani, kuzungumza na mkubwa bila kutetemeka, na unapata mtu wa kumwandika kama mdhamini kwenye maombi. Matangazo ya serikali hutaka wadhamini, na mhadhiri aliyekufundisha katika ukumbi wa watu 400 hawezi kukuelezea. Lakini kila mwenye kazi ya kufundisha mtu anajua kwamba mafunzo yana kilele. Baada ya hapo kijana hajifunzi tena kitu, anazalisha. Darasa analofundisha lingehitaji mwalimu wa kulipwa. Dirisha analohudumia lingehitaji karani wa kulipwa. Kila mwezi anaoongeza unampunguzia mwajiri sababu ya kuomba kibali cha kuajiri. Kwa maneno mengine, anayejitolea kwa miaka mitatu ili apate nafasi ndiye anayeifanya nafasi hiyo isihitajike kutangazwa.

Sheria yetu si kipofu kwa jambo hili, ila wachache wameisoma. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinaweka dhana ya ajira. Mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa: kwamba namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, kwamba saa zake zinapangwa na huyo mwingine, kwamba anapewa vitendea kazi naye, au kwamba amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Anayejitolea huzimaliza katika wiki ya kwanza. Kwa mwajiri binafsi, jina mliloipa karatasi yenu halimwokoi. Kwenye taasisi za umma njia ni ngumu zaidi kwa sababu utumishi wa umma una taratibu zake za kuajiri, na hapo ndipo serikali yenyewe inapaswa kujitazama.

Jirani zetu Kenya walilifikisha jambo la jinsi hii mahakamani. Tume ya Kuajiri Walimu ilikuwa imewachukua walimu waliosomea kazi, wenye usajili, ikawaweka madarasani kama wanagenzi kwa malipo ya chini kuliko wenzao. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano Kazini iliamua kwamba utaratibu huo hauendani na katiba. Tume ikakata rufaa, na walimu wakaingia barabarani. Wale angalau walikuwa na malipo ya kugombania.

Ushauri wangu kwa anayejitolea ni wa karatasi. Omba barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, jina la atakayekusimamia na posho utakayopewa, hata ikiwa nauli tupu. Weka kumbukumbu ya siku ulizofika. Tarehe ya kumaliza ikifika, ondoka, na uondoke na barua nyingine inayosema ulifanya nini. Miezi sita inatosha kazi nyingi za ofisini. Usiku wa mwezi wa saba utakuja na wasiwasi wa nafasi inayotoka kesho. Kumbuka kwamba nafasi za serikali hutangazwa kwenye mfumo mmoja ambao unaweza kuufungua ukiwa kokote, shambani au kwenye kibanda cha wakala wa miamala.

Tuseme sasa barua imefika. Watu hudhani hapa ndipo hadithi inapoisha, kumbe mpito unaanza upya kwa sura nyingine. Mwajiriwa mpya wa serikali anaripoti kituoni na begi lake. Kuna fomu, kuna kiapo, kuna kuingizwa kwenye mfumo wa malipo na kungoja cheki namba. Posho ya kujikimu ya siku saba ikichelewa, na hutokea ikachelewa, anaishi kwa hisani ya wenyeji. Chumba anakitafuta kwa dalali, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama haki yake. Mwenye nyumba anataka miezi sita. Chumba cha shilingi 80,000 kinakuwa shilingi 560,000 kabla hajanunua ndoo.

Halafu mshahara wa kwanza. Chukua mshahara wa shilingi 800,000 na tuupitishe kwenye makato. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, asilimia 5, ni 40,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 24,000. Kodi inatozwa kwenye 760,000 iliyobaki baada ya kutoa mchango wa mfuko: 270,000 za kwanza hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na 240,000 za mwisho asilimia 20, jumla 68,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, ambayo ni 120,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, yaani 16,000. Inabaki 532,000, na chumba peke yake kilidai 560,000. Shangazi kule nyumbani amesikia laki nane.

Hakuna aliyewahi kumfundisha mtu huyu kusoma hati ya mshahara. Amesoma nadharia za motisha na ramani za mvua, lakini mstari ulioandikwa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, unamshtua kana kwamba kaibiwa. Hajaibiwa. Kabla ya 2016 bodi ilikata asilimia 8. Marekebisho ya mwaka huo yakafikisha 15. Mwaka 2021 serikali ikaondoa ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliyokuwa ikiliongeza deni kila mwaka huku mtu akilipa, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Anayeajiriwa leo na aombe taarifa ya deni lake mapema, alijue lilivyo. Na benki zitakapomfuata na mikopo ya watumishi, kama zinavyomfuata kila mtumishi mpya, ajue kwamba mshahara unatakiwa ubaki walau theluthi moja mkononi mwake. Theluthi ya laki nane haifiki 267,000. Sheria imemruhusu afike huko. Haikumwambia ataishije huko miaka mitano.

Kwenye sekta binafsi hatari iko kwenye mkataba, hasa ule wa mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya siku 28. Lakini kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita, na wapo waajiri wanaoijua miezi hiyo kuliko wanavyojua majina ya wafanyakazi wao. Aliyeachishwa baada ya hapo ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hufika siku ya 60, baada ya kuwaomba wakubwa wa ukoo wawaombee msamaha.

Nimesema kipindi hiki hakina mwenyewe. Nje ya taaluma zile tatu, kuna taasisi moja tu ya umma iliyowahi kukiwekea urefu kwa maandishi, nayo ni hiyohiyo inayotudai. Sheria ya Bodi ya Mikopo inampa mhitimu miezi 24 tangu amalize masomo kabla ya kuhesabiwa kuwa amechelewa kurejesha, isipokuwa akipata kazi mapema. Maana yake serikali inajua. Imepiga hesabu na kukubali kwamba miaka miwili inaweza kupita mtu hajapata kitu.

Basi vyuo navyo vichukue miezi hiyo 24. Mhitimu abaki na kitambulisho chake, maktaba iendelee kumpokea, idara yake iwe na mhadhiri mmoja anayepokea simu zake na kumwandikia barua ya mdhamini inayosema kitu. Chuo kisimamie mikataba ya kujitolea kama kinavyosimamia fildi, iwe na mkaguzi na tarehe ya mwisho. Cheti kitolewe siku ya joho. Hili la mwisho halihitaji bajeti wala sheria mpya, na makamu mkuu wa chuo anayesoma ukurasa huu anaweza kuliagiza kabla ya mahafali yajayo.